Fungu kwa huyu, beleshi kwa yule: historia ya barabara za mitaa Dar es Salaam

Februari 24, 2021, Rais John Magufuli alifika Ubungo kufungua barabara za juu za ngazi tatu, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Sam Nujoma na Nelson Mandela. Makutano hayo yalipewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki siku chache tu kabla. Siku hiyo hiyo Rais alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Wakazi wengi walikwenda zao wakizungumzia daraja. Habari ya halmashauri haikuwashtua sana, na hawakuwa na sababu ya kushtuka: kwa barabara ya mbele ya nyumba zao, halmashauri ile haikuwa na la kufanya kwa miaka mingi.

Jiji hili limevunjiwa halmashauri zaidi ya mara moja. Kila mara sababu zilitajwa, na nyingine zilikuwa za haki kabisa. Lakini ukiifuata historia ya barabara zake za mitaa tangu mwanzo, unakuta jambo moja likijirudia. Mwenye fungu la fedha, mwenye beleshi na mwenye kusikiliza malalamiko ya wananchi hawajakaa chini ya paa moja kwa muda wa kutosha hata mitaro ikazoea kusafishwa.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa Sultani. Seyyid Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake kando ya bandari hii tulivu katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kabla haujakamilika, na ndugu yake Barghash hakuwa na hamu nao. Mwaka 1877 Mwingereza William Mackinnon na wenzake walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Mwaka 1881 kazi ikaachwa njiani. Huo ndio mradi wa kwanza mkubwa wa barabara katika historia ya mji, na ulikufa kwa ugonjwa ambao wakazi wa leo wangeutambua mara moja.

Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na papo hapo wakatunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Kimaandishi kanuni zilizungumzia kuta na mapaa. Kivitendo ziligawa watu: Wazungu upande wa mashariki, kando ya bahari, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika nyuma. Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ilichorwa wakati wa Wajerumani, na Waingereza walioushika mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakauendeleza mchoro ule ule, wakaiita sehemu hiyo Kanda ya Tatu. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukabaki wazi katikati. Leo watu hupumzika pale bila kukumbuka kwamba ulikuwa mpaka.

Fedha za barabara zilifuata mpaka huo. Mwaka 1929 lilijengwa daraja la Selander, lililopewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Ujenzi ya Tanganyika. Daraja hilo lilifungua njia ya Oyster Bay, ambako Wazungu walijengewa nyumba zao kwenye upepo mzuri, na barabara za lami zikawafuata huko. Kariakoo, iliyobeba watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mji, iliendelea na mchanga wake kwa miaka mingi. Hapo kuna hesabu ambayo mipango ya baadaye imeshindwa kuifuta: lami ilianza kupimwa kwa hadhi ya mtaa, si kwa idadi ya miguu inayopita.

Mji ulipata halmashauri ya manispaa mwaka 1949, mwaka ule ule kampuni ya Sir Alexander Gibb ya London ilipokamilisha mpango mkuu wa kwanza wa mji. Ulikuwa mpango wa kikoloni hasa, wenye maeneo yaliyotengana na nafasi wazi za kupitisha upepo baina yake. Hata hivyo manispaa yenyewe ilikuwa chombo cha maana. Ilitoza kodi ya majengo, ikawa na mhandisi wake, na ilitakiwa kuonyesha mahesabu yake. Kasoro yake kubwa ilikuwa nani anakaa kwenye viti vya baraza.

Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Wapenzi wa ushairi wanamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kwa muda mfupi, basi, mji huu uliongozwa na mtu aliyejua kuhesabu mizani. Desemba 1961, uhuru ulipopatikana, Dar es Salaam ikatangazwa kuwa jiji.

Miaka kumi iliyofuata ndiyo wazee wengi wa mjini huitaja wakisema zamani mji ulikuwa msafi. Kuna ukweli hapo, na kuna usahaulifu. Watu walikuwa wachache, na magari machache zaidi. Jiji lilikuwa linatoza kodi na kufanya kazi zake, lakini pembezoni, Manzese na Buguruni, makazi yalikuwa tayari yanajijenga bila kupimwa. Mpango mkuu wa pili ulitoka mwaka 1968, kazi ya washauri kutoka Toronto, Kanada, na wa tatu mwaka 1979, wa Wakanada pia. Mipango yote hiyo ilichora barabara ambazo watu walikuwa wameshajenga juu yake kabla wino haujakauka.

Kisha ikaja Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilifuta halmashauri za wilaya, na muda si mrefu za miji zikafuata. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuyasogeza maamuzi karibu na wananchi. Kilichosogea ni watumishi: maofisa wa wizara walihamishiwa mikoani, wakapewa kazi zilizokuwa za madiwani. Dar es Salaam ikagawanywa katika wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, chini ya mkoa, na shughuli za jiji zikawa mstari mmoja katika bajeti ya mkoa uliokuwa ukifikiria zaidi kilimo na vijiji. Siasa ya wakati ule ilikuwa ya vijiji, na mji ulionekana kama mlaji asiyezalisha.

Matokeo yake hayakuchukua muda kuonekana. Mtaro usipozibuliwa mwaka mmoja, mchanga unatulia chini yake. Mwaka wa pili majani yanaota. Mwaka wa tatu maji ya masika yanatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni barabara. Maji yakishaingia chini ya lami, gari la kwanza zito linaibonyeza na kuipasua. Ndivyo Dar es Salaam ilivyopoteza barabara zake nyingi katika miaka ile, kwa kuacha kazi ndogo ndogo ambazo hakuna kiongozi angeitwa kuzifungua kwa utepe. Kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, hali ya miji ikawa haifichiki tena, na mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya mpito ya kurudisha halmashauri za miji. Sheria kamili ya mamlaka za miji ilitungwa mwaka 1982.

Jiji likarudishiwa jina na ofisi, bila kurudishiwa mfuko. Nchi ilikuwa imefilisika, mitambo ilikuwa imesimama kwa kukosa vipuri, na wahandisi wenye uzoefu walikuwa wameshatawanyika. Kwa sensa ya 1988 wakazi walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Mwaka huo huo wakazi wa Tabata waliipeleka halmashauri mahakamani kwa kuwarundikia taka za jiji zima karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Barabara nazo zilifika mahali ambapo matengenezo ya njia kuu za jiji yalisubiri msaada wa Japani. Ilibidi wageni waje kufukia mashimo ya Dar es Salaam, na hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa na madhara kuliko mashimo yenyewe. Lilizoesha jiji kungoja mradi. Ukija mradi tunajenga, ukiisha tunakaa hadi lami imeguke tuombe mradi mwingine.

Katika kipindi hicho kibaya, mtaa mmoja ulifanya jambo la kukumbukwa. Hanna Nasif iko kwenye mteremko wa Kinondoni unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi, na nyumba zake zilijengwa bila upimaji. Masika ilipoanza maji yalikuwa yakiingia vyumbani. Katika miaka ya 1990, kwa fedha za Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Ford Foundation na utaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, wakazi wenyewe walijenga mitaro ya mvua na barabara za changarawe. Mkataba haukwenda kwa kampuni kutoka nje. Jumuiya ya mtaa ndiyo iliyoingia mkataba, ikaajiri vijana na wanawake wa pale pale, ikawalipa kwa kazi iliyokamilika. Kazi ilikuwa ya mkono: kuchimba, kupanga mawe, kumwaga zege. Na kwa kuwa waliochimba mtaro ndio waliolala kando yake, walijua nani anatupa taka humo, na walimfuata mlangoni.

Mradi huo umeandikwa sana katika vitabu vya mipango miji duniani. Jambo ambalo sifa hizo huliruka ni dogo na chungu: mitaro ya Hanna Nasif ilihitaji kutoa maji yake mahali, na mahali hapo palikuwa nje ya mtaa, mikononi mwa mamlaka nyingine.

Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji. Mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, isiyokuwa na diwani hata mmoja. Tume iliajiri wakandarasi binafsi wa kuzoa taka, ikafukuza wamachinga kutoka katikati ya mji, ikakusanya mapato yaliyokuwa yakipotea na kukarabati barabara. Wakazi wengi waliipenda, na Keenja baadaye akachaguliwa mbunge wa Ubungo. Ni kweli kwamba jiji lilifanya kazi vizuri zaidi bila madiwani wake. Lakini tume haikuwahi kukabili swali gumu la bajeti, yaani kumweleza mtu wa Kigogo usoni kwa nini lami imekwenda Masaki. Tume haiendi kuomba kura Kigogo.

Muda wa tume uliisha mwaka 2000. Zikaundwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikaketishwa Halmashauri ya Jiji mpya isiyo na ardhi yake mwenyewe. Kila shamba, kila mtaa na kila mlipa kodi alikuwa ndani ya manispaa. Jiji likabaki na kazi za kuratibu na mapato kama yale ya kituo cha mabasi cha Ubungo. Manispaa za Ubungo na Kigamboni zilipoongezwa, waratibiwa wakawa watano. Mtaalamu wa utawala anaweza kuutetea muundo huo kwenye karatasi. Mwenye nyumba Mbagala alihitaji tu kujua barua ya mtaro aipeleke ofisi ipi.

Wakati huo huo njia ya fedha ilikuwa imebadilika kitaifa. Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianza mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa. Mfuko wa Barabara ukapata Bodi yake, ukilishwa na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya mafuta. Mgawanyo uliozoeleka wa mfuko huo ni asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, miji na vijiji. Sasa linganisha na urefu. Barabara za TANROADS ni kama kilomita 36,000. Barabara za ngazi ya chini zimehesabiwa kuwa zaidi ya kilomita 144,000, nyingi zikiwa za udongo. Asilimia 30 ya fedha inatakiwa itunze takriban kilomita nne katika kila tano za nchi. Hoja ya kutetea mgawanyo huo ipo, maana barabara kuu hubeba malori na uchumi wa nchi jirani. Ila safari ya kila mzigo na kila mgonjwa huanzia mtaani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja kwa mfuatano wa haraka. Mwaka 2016 sheria ilihamishia Mamlaka ya Mapato, TRA, ukusanyaji wa kodi ya majengo, na ushuru wa mabango ukafuata. Julai 2017, Dodoma, ukazinduliwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambao ulichukua kutoka halmashauri zote nchini barabara, wahandisi, na baadaye hata ada za maegesho ya magari. Sababu ilikuwa ya kueleweka. Halmashauri nyingi zilikuwa zikitumia fedha za barabara kwa mambo mengine, na mkandarasi wa kata mara nyingi alikuwa rafiki wa mtu. Wakala mmoja wenye wataalamu ungeweza kupima, kupanga na kusimamia vizuri zaidi.

Na kwa kiasi chake umeweza. Tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita mwaka 2021 kwa ajili ya barabara hizo za chini, na bajeti yake chini ya TARURA ikapanda kuliko ilivyowahi kuwa chini ya halmashauri. Dar es Salaam ilikuwa na bahati ya ziada: mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2015, umejenga barabara za mitaa Sinza, Kijitonyama, Temeke na kwingineko, zikiwa na mitaro iliyofunikwa, njia za waenda kwa miguu na taa. Anayeikumbuka mitaa hiyo wakati wa madimbwi hawezi kuubeza. Ila ni mradi tena, na mkopo. Lami mpya inaanza kuhitaji matunzo ndani ya miaka michache, wakati waliokopesha wameshaondoka.

Jangwani inaonyesha vizuri jinsi madaraka yalivyotawanyika. Barabara ya Morogoro hupita pale juu ya mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha hufungwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu, na waliookolewa bondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Baada ya hapo karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa kwenye bonde lile lile, nayo ikafurika. Barabara ni ya TANROADS, mabasi yanasimamiwa na wakala wa mabasi yaendayo haraka, DART, mto uko chini ya bodi ya bonde la Wami/Ruvu, nyumba za ng'ambo moja ziko Ilala na za ng'ambo ya pili Kinondoni, na mitaro inayomwaga mchanga mtoni ni ya TARURA. Kila mmoja ana mpango mzuri wa sehemu yake.

Kodi ya majengo nayo imekwenda mbali zaidi na ofisi ya mtaa. Tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Makusanyo ni rahisi na yenye uhakika. Mlipaji, hata hivyo, anailipa bila kuona inakwenda wapi, na wapangaji wengi wamekuwa wakimlipia mwenye nyumba kodi isiyo yao.

Basi barabara ya mtaa hupata vipi fedha siku hizi? Wakazi hukutana na mwenyekiti wao wa serikali ya mtaa na kutaja mahitaji. Orodha hupanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, kisha halmashauri. TARURA wanachukua vipaumbele hivyo, wanaviweka kando ya takwimu zao za hali ya barabara na ukomo wa bajeti waliopewa, na makisio yanakwenda wizara inayosimamia serikali za mitaa, TAMISEMI, na hatimaye Bungeni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, masika ikiwa imeshapita. Zabuni hutangazwa, mikataba husainiwa, fedha husubiriwa. Mkandarasi anapoleta greda, mara nyingi vuli nayo imebisha hodi.

Kiraka chenyewe si kazi ya ajabu. Fundi hukata kingo za shimo ziwe mraba, kwa sababu ukingo uliochongoka huvunjika tena. Huchimba hadi akutane na tabaka gumu, hufagia vumbi lote, hupaka lami ya maji ili mpya ishikane na ya zamani, humwaga mchanganyiko wa kokoto na lami, hushindilia mpaka uwe sawa na uso wa barabara. Kisha, na hapa ndipo wengi huishia, lazima mtu aangalie maji yaliyoleta lile shimo yalitoka wapi. Wenye bodaboda hawana subira ya hatua zote hizo. Huchanga fedha, wakaleta kifusi cha nyumba iliyobomolewa, wakamwaga shimoni. Kinakaa hadi mvua inayofuata, na kokoto zake zinaishia kwenye mtaro.

Meneja wa TARURA wa wilaya hualikwa kwenye kikao cha Baraza la Madiwani kuwasilisha taarifa yake. Madiwani humuuliza maswali makali, wengine kwa hasira, kwa sababu wanajua wakitoka nje watu watawakamata wao. Meneja hujibu kwa adabu na kwa takwimu. Hakuajiriwa na baraza hilo, wala baraza haliwezi kumpunguzia au kumwongezea fungu. Diwani hurudi katani kwake na kuwaambia wananchi kwamba barabara yao iko kwenye mpango, na mzee mmoja wa nyuma husimama kuuliza ni mpango wa mwaka gani wa fedha.